Sinia ya Mwalimu

Chovai, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Uko kwa majirani unaaga, na kwa ninavyokujua hutarudi kabla ya magharibi, maana kila mlango utaambiwa kaa kidogo na wewe hujui kukataa. Basi nimepata nafasi. Nimeketi barazani na kalamu yako ya wino wa buluu. Usiitafute, iko kwangu. Haya ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini sisi wawili tukianza kusema tunaishia kugombana: mimi napandisha sauti, wewe unasema "haya mama, nimesikia," na mazungumzo yamekwisha. Karatasi huwezi kuikatiza. Nitakupa kesho ukishapanda boti, na uisome kabla hamjafungua chakula, utaona kwa nini.

Mambo ya kula, kulala, kuswali na kufunga sanduku sitakuandikia. Kama bado huyajui, basi mimi na baba yako tulikuwa tunalea nini miaka yote hii.

Nina hasira, Mwanaidi. Nakwambia mapema ili usome ukijua. Leo mchana nilimpelekea Mwalimu Sahra chakula chake kama kawaida, nikamkuta anafunga mizigo. Boti itakayokupeleka wewe Kismayu ukachukue karatasi yako ya kazi ya kusomesha Kudha ndiyo atakayopanda yeye kurudi kwao, na Chovai hakanyagi tena. Umeyaona mambo? Kisiwa kinatoa mwalimu na kinapoteza mwalimu kwa boti moja, asubuhi moja. Watoto watakaokuja ufukweni kukupigia vigelegele, wakirudi nyumbani hawana wa kuwafundisha.

Na usiniambie ofisi ya mjini italeta mwingine. Najua italeta. Wana hesabu zao wale: wa Chovai apelekwe Kudha, wa Kismayu aletwe Chovai. Nilimuuliza baba yako, kwani mtoto akisomesha kwao atapungua nini? Akasema serikali haitaki mtu azoee mahali. Nikamwambia basi wamefanikiwa, maana hapa hajazoea mtu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nataka nikueleze walimu wetu wanavyoondoka, kwa sababu kesho kutwa wewe ndiye utakuwa katika nafasi yao, na watu wa Kudha ni sisi sisi, tofauti yetu ni maji yaliyo katikati.

Unamkumbuka Mwalimu Farah. Ndiye aliyekutia kalamu mkononi, na mimi pia, jioni pale penye baraza ya skuli, pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakicheka kila akigeuka ubaoni. Herufi alitufundisha kwa Kisomali, maneno yetu tukayatia wenyewe. Lakini siku aliyofika huikumbuki, ulikuwa mdogo. Siku hiyo tulikuwa tunaezeka nyumba ya bibi yako. Watu wako juu ya paa, wengine chini wanarusha makuti, moshi wa jikoni umetanda, na huyu kijana akashushwa kutoka botini, suruali imepigwa pasi, na sanduku lake kichwani mwa mchukuzi. Hakuna aliyekuwa na mkono mtupu wa kumpokea. Akasimama hapo kama aliyepotea. Bibi yako, Mungu amrehemu, hakumjua ni nani wala hakuuliza. Akamkemea aje ashike kazi: "We mchu we, umesimama tu? Ndoo hapa, shika makuti!"

Farah hakuwa anakijua Kibajuni hata neno, lakini mkono wa bibi yako ulikuwa hauhitaji mkalimani. Akavua viatu, akarusha makuti mpaka adhuhuri. Chakula kilipoiva akanawa na watu, akala sinia moja na wanaume wa kazi, suruali yake haijulikani tena rangi. Ndipo mtu akamuuliza jina. Alipojibu kwamba yeye ndiye mwalimu aliyeletwa, bibi yako aliingia ndani kwa aibu na hakutoka hadi usiku.

Mtu yule alikaa hapa mpaka akawa anasuluhisha ndoa za watu. Alijua nani ana deni la nani na mtoto gani amelala bila kula. Akikosea, bibi yako alimwambia hapo hapo, mbele ya watu, na yeye akikasirika alikasirika hapo hapo pia, jioni wakanywa kahawa. Alipoondoka alikuwa ameitwa na mama yake, aliyekuwa mgonjwa na hana mwingine. Tulilia. Hata baba yako alilia, ingawa ukimuuliza atasema ni mchanga uliomwingia machoni.

Sasa sikiliza tulivyo na akili sisi. Baada ya Farah kwenda, watu walikaa msikitini wakatafuta sababu. Mama mgonjwa waliiona si sababu ya kutosha. Wakaamua kwamba mwalimu wetu ameondoka kwa kuwa tulimtumikisha. Tulimpa makuti arushe siku ya kwanza, tukamkemea, tukamlisha na mafundi, sasa mtu wa heshima zake atakaaje? Baba yako akasimama akasema mwalimu ajaye asishike hata kata ya maji. Na kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyo jirani na skuli, chakula cha mwalimu kitatoka kwetu. Nilipoambiwa nilifurahi kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoanza kupika sinia ya mwalimu. Unaijua wewe, ulikuwa ukinusa tu hupewi. Samaki mzuri wa siku hiyo ni wake. Tui la kwanza ni lake. Naifunika kwa kawa mpya niliyoisuka mwenyewe, naibeba kwa mikono miwili, naiweka mkekani, narudi nyuma hadi mlangoni nisimpe mgongo, natoka. Aje nani mwingine amzungumzishe? Mtu anakula, mtu wa heshima, aachwe ale kwa nafasi yake. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Wa kwanza kula sinia hiyo alikuwa kijana mwenye miwani. Ilikuwa ikirudi nusu. Nikadhani tui limezidi, nikapunguza. Ikarudi nusu. Nikadhani ni pilipili. Nikatoa pilipili, nikatia ndimu, nikajaribu wali, nikajaribu mkate wa kumimina, nikamuuliza mke wa mfanyabiashara aliyekuwa amekaa Mogadishu watu wa huko wanapenda nini. Kijana akakonda mbele ya sinia iliyojaa, halafu akaondoka. Akaja mwingine, naye akakonda. Miaka yote hiyo, Mwanaidi, mimi nilikuwa natengeneza mchuzi! Haikunijia hata mara moja kwamba mtu hali vizuri kwa kuwa anakula peke yake, chumbani, mchana na usiku, katika kisiwa ambacho hata paka anakula na wenzake. Umecheka? Mimi nilipolielewa leo nilitaka kujipiga kwa mwiko.

Tena kula ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mgeni haambiwi kitu. Hutamwambia mgeni kwamba amekosea njia, utamsindikiza kimya mpaka aione mwenyewe. Sasa huyu wa kwetu amekuja kukaa na watoto wetu mwaka mzima, na sisi tunamsindikiza kimya.

Chukua bamvua. Wewe na mimi hatuhitaji kuambiwa kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka maji yanakupwa mbali, mwamba unatoka nje asubuhi, na kila mwenye miguu anakwenda kutafuta pweza na chaza. Mama anakwenda, watoto wanakwenda, hata aliyelazwa na homa anatamani. Skuli siku hizo haina mtu. Mwalimu Farah alijua, akawa siku za bamvua anafundisha alasiri, darasa linajaa, watoto wananuka shombo. Lakini Sahra ni mtoto wa mjini, kwao nyumba ya tatu kutoka sokoni. Bamvua yake ya kwanza alipiga kile chuma cha skuli, akasubiri, akapiga tena. Wakaja watoto wachache wenye vidonda vya miguu. Akatoka nje, akasimama mlangoni kutazama, na nini alichokiona? Darasa lake lote liko mwambani, na wazazi wao pamoja nao. Mimi nilikuwa huko na kikapu changu. Nilimwona amesimama, nikaona si adabu kumpita mwalimu bila salamu. Nikampungia mkono, na wenzangu wote wakapunga.

Fikiria wewe ndiye uliyesimama pale mlangoni.

Kesho yake aliwachapa, na Kombo mtoto wa Mwana Esha alitoka na mkono umevimba. Kama ni Farah, Mwana Esha angemwendea na kumwambia yaliyo moyoni mwake, na sauti ingefika hadi kisiwa cha Ngumi. Lakini huyu ni mgeni, mwanamke kijana, mtoto wa watu. Basi Mwana Esha akafanya tunavyofanya sisi mgeni akituudhi: alimpelekea samaki. Changu mkubwa, amekwisha kuparwa magamba. Mtu wa hapa akipokea kitu kutoka kwa aliyemkosea anaona haya, anajirudi, na mambo yamekwisha bila neno. Sahra akapokea samaki, akashukuru sana, na bamvua iliyofuata akachapa zaidi. Wakaja wazazi wengine na samaki. Kadiri alivyochapa ndivyo samaki walivyoongezeka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapika, nikawa najiambia, huyu binti ana roho gani, haoni haya?

Na mkaguzi alikuja, usiseme hakuja. Alishuka na mwavuli. Tulimchinjia mbuzi, tukamtafutia kambamti, akala, akasinzia, akaenda kusimama mlangoni mwa darasa, akatazama daftari la majina, akauliza mbona siku nyingine watoto hawapo. Sahra akamweleza kwamba hawamtaki. Na yule mtu mzima, aliyekuwa mwalimu yeye mwenyewe zamani, akamwambia neno moja tu: "Vumilia, binti." Akapanda boti yake. Vumilia nini? Hajauliza watoto wanakwenda wapi. Hajauliza mtu yeyote wa hapa, na sisi hatukumwambia, maana na yeye ni mgeni. Nikiikumbuka siku ile natamani mbuzi wangu anirudie.

Na wewe una fungu lako katika haya. Uliporudi kutoka mafunzoni na cheti chako, ulikaa hapa wiki ngapi? Wewe mwalimu, yeye mwalimu, ukuta mmoja kati yenu, na hamkukaa pamoja siku moja kuulizana darasa linashikwaje. Ulipita dirishani kwake, ukasalimu vizuri, ukaniambia jikoni, "Mama, yule mwalimu hapendi watu." Mimi nikakubali. Tukamhukumu tukiwa tunakuna nazi yake.

Haya, leo mchana. Nimeingia na sinia, naona sanduku limefunguliwa na nguo zimekunjwa. Nikajifanya sioni.

"Unakwenda kusalimia kwenu?" nikamuuliza. Tulisema Kisomali, nakuandikia kwa lugha yetu.

"Nakwenda kabisa, eedo," akasema. Ndivyo anavyoniita, kama Wasomali wanavyomwita shangazi.

"Chakula hukipendi?"

Hebu nitazame mama yako! Mtu anafunga maisha yake sandukuni, mimi namuuliza mchuzi.

"Chakula ni kizuri. Tangu nije chakula ni kizuri." Akakaa juu ya sanduku. "Watoto hawa hawanitaki, eedo. Wananiachia darasa tupu, wanakwenda kucheza baharini mbele ya macho yangu, na wazazi wananicheka. Hata wewe ulinipungia mkono."

Nikaweka sinia chini. Halafu, sijui nini kilinijia, nikaketi. Nimeingia nyumba ile miaka mingi na walimu wengi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuketi. Nikamweleza bamvua. Nilieleza kwa haraka, kama mtu anayetapika, mwezi na maji na mwamba na pweza, na kwamba mkono wangu ulikuwa salamu.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na siku hizo zinajulikana kabla?"

"Hata mtoto anayetambaa anazijua."

"Basi ningefundisha alasiri."

"Ungefundisha alasiri," nikasema. "Mwalimu Farah alikuwa akifanya hivyo."

Nikaona nimalize yote. Nikamwambia na ya samaki.

"Yule changu?" akasema. "Nilidhani mama yake ananishukuru kwa kumtia mwanawe adabu."

"Alikuwa anakwambia usimpige."

"Kwa samaki?"

"Kwa samaki."

"Eedo," akasema, "mimi ni mtu wa mjini. Samaki kwangu ni samaki. Ningejuaje? Kwa nini hakuniambia mtu? Wewe unaingia humu kila siku. Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Kwa kuwa u mgeni wetu."

"Nani aliwaambia nimekuja kuwa mgeni? Nilikuja kufanya kazi!" Hapo akalia, na katikati ya kulia akacheka, akanitajia watoto aliowachapa mmoja mmoja, Kombo wa kwanza. Nilimwomba abaki. Nilimwambia nitazungumza na Mwana Esha, na wazazi wote, na imamu, nitaibeba ile sinia nikaitupe. Akatikisa kichwa. "Nimechoka sasa, eedo. Ungeniambia mwezi wa kwanza ningebaki." Akafuta uso, akaendelea kukunja nguo, nami nikamsaidia, maana sikujua kingine cha kufanya.

Neno moja lingetosha. Si fedha, si jengo, si mkaguzi wa mwavuli. Mtu mmoja wa kumwambia, mwalimu, wiki hii hawaji, fundisha alasiri. Tulikuwa kisiwa kizima na hatukumtoa huyo mtu mmoja. Unaelewa sasa kwa nini nimekwaruza karatasi yako hii kwa nguvu?

Sasa wewe. Ukifika Kudha watakutandikia mkeka mpya. Watakuletea sinia na kawa juu. Watakusifu. Utaona raha, mwanangu, na wewe unapenda kusifiwa, umetoka kwangu. Wiki mbili utajiona malkia. Wiki ya tatu utaanza kusikia kimya, na utadhani wamekuchukia, kumbe ndiyo kwanza wanakuheshimu. Usikae nayo hiyo heshima. Toka nayo nje. Nenda jikoni kwa mtu, keti juu ya mbuzi ya kukunia, ukune nazi, hata kama wanapiga kelele kwamba ni haramu mwalimu kushika. Wakipiga kelele ndiyo vizuri, mtu anayekupigia kelele ameanza kukuona. Bamvua ikija nenda mwambani na watoto, uchome vidole, ukose pweza, wakucheke usoni badala ya nyuma.

Na ukiletewa samaki, kabla hujamtia chumvi, uliza umekosa nini.

Uliniomba nimpelekee salamu shangazi yako Mwanamkuu huko Kudha, akupokee vizuri. Salamu nimezituma kwa wavuvi waliokwenda jana, lakini leo nimewakimbilia wengine wanaokwenda nikabadilisha maneno. Nimemwambia: "Mwanangu akiya, simtandikieni mkeka. Mpeni mtungi akateke mayi na wachu." Atadhani nimerukwa na akili, na atakukasirikia kwa niaba yangu, akidhani umenikosea, halafu atakupa mtungi. Usinung'unike. Uchukue.

Chuoni walikufundisha kupanga somo na kuandika ubaoni bila kupinda. Sijui kama walikufundisha kwamba utalia. Utalia. Naomba ulie mbele ya mtu. Sahra alilia peke yake mwaka mzima nyuma ya ukuta wangu, na mimi niko upande wa pili nachuja tui. Tafuta mwalimu mwenzako, hata kama yuko Ras Kamboni, mwandikie, mtukane ofisi pamoja, muulizane. Asikwambie mtu vumilia akakuacha hapo. Akisema vumilia, muulize hadi lini, na yeye atakufanyia nini.

Nitakwambia ukweli mwingine, ingawa si wa kumwambia mtu anayeondoka. Roho yangu moja inataka ushindwe. Inataka boti ya kwanza ya kusi ikurudishe, uingie hapa na sanduku lako, nikufunikie chakula. Roho hiyo usiisikilize, ni ya mama tu. Nyingine inawafikiria watoto wa Kudha wakipunga mkono mwambani, na mwalimu wao mlangoni ni wewe, na hakuna wa kukwambia. Hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Nasikia kicheko chako kwa Mwana Esha, sasa unatoka. Nimalize.

Boti kesho itachukua karibu siku nzima. Utakuwa wewe na Sahra kati ya magunia, na mtaona aibu, kila mmoja atazame upande wake. Usifanye hivyo. Sogea. Yeye anayajua yote utakayokutana nayo, ameyalipia. Muulize wiki ya kwanza ilikuwaje. Muulize alitamani nani aje. Muulize alipopiga kile chuma na hakuna aliyekuja, alijiambia nini. Kwa niaba yangu muombe radhi, mimi nimemuomba lakini nimeomba vibaya, nilikuwa nalia.

Chakula nimekipika. Samaki wa kupaka, wali, na achari ya ndimu anayoipenda, hiyo angalau niliijua. Sikumtengea chake. Mmoja wenu asianze kabla ya mwingine kunawa, na akisema ana shibe, akisema ataka kula baadaye, mwambie Mama Mwanaidi amekataa. Sinia ni moja, ya nyinyi wawili, na kawa nimeiacha nyumbani.

Mama yako